Msikilizaji wa Vichura vya Iguluba

Kwa miaka arobaini na mitatu, watu wa kitongoji cha Iguluba, ng'ambo ya Runzewe, hawakushusha mbegu kutoka kichanjani mpaka waone jembe la Paskazia limeegemezwa nje ya mlango wake, makali juu. Hapakupigwa ngoma wala kuitishwa mkutano. Mtu akipita asubuhi kwenda kisimani akaliona jembe, aligeuza na ndoo yake tupu, akarudi nyumbani kuwaambia wenziwe, "Limetoka." Kabla jua halijachoma, kitongoji kizima kilikuwa shambani.

Na jembe lilitolewa na vichura.

Iguluba ni kilima cha mawe matupu, cha mwisho katika safu ya vilima saba. Mwezi wa tisa huko juu ni kukavu kiasi kwamba hata nyasi zikiguswa zinageuka unga. Lakini karibu na kilele, kati ya majabali mawili, kuna ufa mrefu ambao mtu mwembamba anaweza kuingia kwa ubavu, na humo ndimo vilimoishi vichura vyenyewe. Havikuwa vikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Mgongoni vilikuwa na rangi ya jiwe, tumboni vyekundu kama udongo wa kichuguu. Kiangazi chote vilijibana kwenye nyufa, vimekunjamana, hata mgeni angedhani ni choroko zilizoungulia chunguni. Ukikitia kimoja kiganjani hakikuruka. Kilijifanya kimekufa, miguu juu, na ukikirudisha jiweni kilisubiri ugeuze kichwa ndipo kitoweke. Wazee walisema vilima vingine sita havina vichura hivyo. Paskazia alipokuwa msichana hakuridhika na maneno ya wazee, akavipanda vyote sita kwa miguu yake, kilima kimoja kila Jumapili baada ya misa, na kweli hakuviona.

Mvua ilipokaribia, siku chache kabla, upepo wenye unyevu ulipoingia katika ule ufa, vichura vililia. Vililia kunapopambazuka, tena kwa muda mfupi tu, kwa sauti kama ya mtu anayegonganisha kokoto mbili ndani ya kibuyu. Aliyekuwa akivisikiliza kabla ya Paskazia ni mama yake, Limi, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, aliyepewa jina hilo, yaani jua, kwa kuwa alizaliwa mchana wa kiangazi kikali. Limi alimpandisha binti yake kilimani akiwa na miaka tisa, akamwonyesha.

"Usiliamini sikio lako peke yake, mwanangu," alimwambia. "Panda mpaka hapa juu. Weka kiganja kwenye jiwe. Jiwe linalongoja mvua lina ubaridi unaotoka ndani. Vilie siku tatu mfululizo, na jiwe liwe baridi siku zote tatu. Hapo ndipo utoe jembe."

"Na kama vimelia na jiwe lina joto?"

"Basi vina mambo yao. Wewe rudi ulale."

Paskazia alisoma kwa masista Ushirombo mpaka darasa la nne, akarudi na mwandiko mzuri uliolalia upande mmoja na kichwa kisichosahau. Mwaka watu walipohamishiwa kwenye vijiji, na njaa ikafuata, wakala ule unga wa mahindi ya njano waliouita yanga, yeye alikumbuka vichura vililia tarehe ngapi. Mwaka wa mafuriko ya Elnino alikumbuka. Mwaka ambao havikulia mpaka wiki ya Krismasi, na watu wakamtukana mama yake kwa kuchelewesha jembe, kisha waliojipandia kwa ubishi wakapoteza kila kitu, huo aliukumbuka na majina ya waliotukana.

Limi alifariki mwaka themanini na moja, na mvua ya mwaka ule jembe lililotoka lilikuwa la Paskazia. Alikuwa ameshaolewa na Luka, mtu mpole wa kufuga nyuki, ambaye alikufa akamwachia watoto wanne. Wawili aliwazika. Binti mmoja aliolewa mbali. Aliyebaki naye ni wa mwisho, Marselino, na ndiye aliyempa jina aliloitwa na watu wote: Mama Marselino.

Alikuwa na majivuno yake, na hakuyaficha. Alitembea katikati ya njia. Watu walimwuliza mambo ya mbegu, ya ng'ombe, ya nani alikuwa ndugu ya nani kabla ya vijiji, naye alijibu yote. Hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno "sijui."

Jirani yake Mwigulu, mzee wa umri wake, mcheshi asiyeheshimu hata msiba, alimtania kila mwaka kuanzia mwezi wa tisa.

"Mama Marselino, redio yako inasemaje?"

"Inasema Mwigulu aoge."

"Hiyo taarifa ya habari tumeisikia na mwaka jana!"

Watu wakacheka, na Paskazia akapita zake, kichwa juu, na furaha aliyoifungia ndani.

Mwaka juzi mtu aliyekuwa akitafuta mbuzi wake nyuma ya Iguluba aliokota jiwe lenye kumeta. Mwezi haukuisha, watu walishajaa kutoka kila upande, na mahema ya maturubai, na mama ntilie, na karasha la kusaga mawe linalonguruma tangu asubuhi. Mgongo wa kilima ukatobolewa maduara, yale mashimo ya wachimbaji yanayoteremka wima kama visima. Duara kubwa kuliko yote lilikuwa la Hatibu, mfanyabiashara kutoka Kahama, mtu wa kanzu safi na maneno laini. Na Hatibu alihitaji mtu wa kusimamia pampu ya kutoa maji shimoni, maana kule chini, chini kabisa ya mawe makavu, kulikuwa na maji.

Marselino alikwenda kuiomba kazi ile. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, ameshachoka na pamba. Alimuaga mama yake siku ya Pasaka, nje ya kanisa, akidhani mbele za watu atakuwa mpole.

Hakuwa mpole. "Ukienda kuutoboa mgongo wa kilima kile," alimwambia, na waumini wote wanasikia, "usiniite mama tena."

"Mama, ni pampu tu. Mimi sitoboi."

"Anayeshika mguu wa mbuzi na anayeshika kisu wanakula nyama moja."

Marselino alikwenda, akahamia kule nyuma kwenye maturubai. Tangu Pasaka hawakusemezana. Alituma sukari na chumvi kupitia kwa Martina, mjane wa nyumba ya pili, mwanamke wa miaka hamsini aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Paskazia aliirudisha sukari. Chumvi hakuirudisha, akasema ilikuwa imeshaingia chunguni. Martina alicheka mpaka akakaa chini, lakini alipofikisha habari kwa Marselino, Marselino hakucheka. Aliuliza tu, "Kwa hiyo chumvi aliipokea?"

Mwaka ule ule goti la kulia la Paskazia liliota uvimbe. Na alipokwenda mwezi wa tisa kusafisha njia yake ya kupandia, alikuta imezibwa kwa miiba, na Hatibu mwenyewe amesimama hapo na walinzi wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaniziba njia yangu, baba."

"Unisamehe, mama yangu. Huko juu siku hizi tunalipua baruti. Ukiumia nitamwambia nini mwanao?"

"Mwanangu yupi?"

Hatibu aliinamisha kichwa, akaacha hilo lipite. "Basi tufanye hivi. Siku yoyote ukitaka kupanda, niambie. Nitakupa mtu akushike mkono mpaka juu, na baruti tutasimamisha."

Lilikuwa neno la kiungwana, na Paskazia alijua. Lakini aliwaza habari ya kushikwa mkono, kuongozwa kama kipofu kwenda mahali alipokuwa akipanda tangu ana miaka tisa, mbele ya wachimbaji wenye kutafuna miwa. "Sijawahi kuongozwa kwenda kwangu," alisema, akageuza fimbo yake.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi, Jumanne, kukipambazuka, alikaa kwenye jiwe lililo chini ya kilima, upande wake, akatega sikio. Akavisikia.

Mwanzoni hakuamini. Ilikuwa mapema mno. Lakini vililia, tena kwa wingi ambao hakuwahi kuusikia, kokoto juu ya kokoto ndani ya kibuyu, kilima kizima kama kinacheka. Jumatano vikalia. Alhamisi vikalia. Kichwa chake kisichosahau kilimletea mwaka wa Elnino: mwaka ule nao vililia mapema hivi hivi, vikalia kwa fujo hivi hivi, na mvua ikaja ikachukua hadi madaraja. Alitazama juu kwenye ile miiba. Alilitazama goti. Alijiambia kwamba miaka arobaini na mitatu si mchezo, kwamba kiganja chake kinaujua ubaridi ule hata bila kuugusa.

Ijumaa jembe lilikuwa nje, makali juu.

Martina alifika wa kwanza, ndoo kichwani. Alilitazama jembe kwa muda, kisha akachungulia mlangoni, akamwamkia kama mama yake. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, Martina."

"Mapema mwaka huu."

"Mwaka wa Elnino nao ilikuwa mapema hivi hivi."

Martina alisitasita. Mbegu zake zilikuwa kidogo, na hakuwa na mahali pa kupata nyingine. "Jiwe lilikuwa baridi?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa dogo. Paskazia alikuwa akipepeta mchele, na ungo haukusimama mikononi mwake.

"Jembe si unaliona liko nje?"

"Naliona, mayu," alisema Martina, akaenda kushusha mbegu.

Walipanda mahindi, karanga na choroko. Nyumba zote tisa za kitongoji zilipanda, na Martina alipanda mpaka punje ya mwisho. Siku ya tano yalikuja manyunyu ya jioni, haba, lakini yalitosha kutia ardhi harufu, na wanawake walipiga vigelegele kutoka shamba moja hadi jingine. Mwigulu alipita nyumbani kwa Paskazia amevua kofia. "Redio haijawahi kukosea," alisema, na mara hiyo hakuwa anatania.

Mahindi yalichomoza, yakatoa majani mawili, yakatoa matatu. Kisha mbingu ikafunga.

Wiki ya kwanza watu walitazama juu. Wiki ya pili walitazamana. Wiki ya tatu majani yalijikunja kama tumbaku, na asubuhi moja Paskazia aliwaona wajukuu wa Martina wakiyang'oa kuwapelekea mbuzi, maana angalau mbuzi wapate kitu. Alirudi ndani, akalichukua lile jembe pale nje, akaliingiza uvunguni. Lilikuwa limeshaonwa na kila mtu, lakini aliliingiza.

"Nadhani redio ya mama ilinasa stesheni ya Kongo," Mwigulu aliwaambia watu kisimani. "Mvua iliyotangazwa ni ya kule." Wachache walicheka. Paskazia alikuwa nyuma yao na ndoo yake, akasikia, na Mwigulu alipogeuka akamwona, alifumba mdomo kwa mkono kama mtoto. Hilo la kuonewa huruma na Mwigulu lilimchoma kuliko maneno yenyewe.

Lakini jambo lililomkosesha raha lilikuwa jingine. Vichura viliendelea kulia. Kila alfajiri, chini ya mbingu nyeupe isiyo na hata wingu la kupumzishia macho, vililia. Katika umri wake wote havikuwahi kulia zaidi ya siku nne bila mvua kufika.

Siku ya ishirini na tano ya ukavu ule alijifunga khanga kiunoni, akashika fimbo, akaingia kwenye miiba. Ilimchana miguuni na mikononi. Mahali pengine alipanda kwa makalio, akijivuta nyuma kama anavyofanya mtoto anayeshuka kitandani, ila yeye alikuwa anapanda. Alifika juu jua limeshakaa vizuri, na kabla hajauona ule ufa alisikia mlio wa maji.

Mpira wa bluu, mnene kama paja, ulikuwa umetoka nyuma ya kilima, ukapita juu ya jabali, ukatumbukia katika ufa. Maji yalimiminika, maji ya shimoni, ya kijivu, yenye utando wa dizeli uliometa rangi rangi. Ufa ulikuwa umekuwa kijito, na chini yake palikuwa na dimbwi pana kama kitanda. Na humo vilikuwamo. Mamia. Hakujua viko vingi hivyo. Vilikuwa vimepandana, vinaogelea, vinalia mchana kweupe, na mayai yao yalitanda dimbwini kama nyuzi za shanga nyeusi.

Paskazia aliinama, akaweka kiganja kwenye jiwe lisilofikiwa na maji. Lilikuwa la moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

"Mama!"

Marselino alikuwa anakuja mbio juu ya mawe, mikono imejaa grisi. Alisimama hatua chache mbali, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa. "Umepitaje kwenye miiba? Unatoka damu."

"Nani kauelekeza mpira huu hapa?"

Uso wa Marselino ulifunguka, masikini. Alitabasamu. "Ni mimi, mama. Hatibu alitaka tuyamwage bondeni, karibu na karasha. Nikamwambia mwaga kule juu, kuna wenyewe wana kiu. Nilijua utavisikia ukiwa nyumbani. Tangu Pasaka sikuwa na neno la kukuletea, kila nikilitafuta sikulipata. Nikasema acha hivi viniombee msamaha." Alivitazama vichura kwa fahari. "Umeona vilivyofurahi?"

"Ulianza lini?"

"Jumatatu ile, mwanzoni mwa mwezi wa kumi."

Jumatatu. Na yeye alivisikia Jumanne.

"Na mashamba, Marselino? Hukuona watu wanapanda?"

"Kule nyuma hatuyaoni mashamba, mama. Wanapanda nini mwezi wa..." Hakumaliza. Alimtazama mama yake, akautazama mpira, akageuka kutazama bonde upande wa nyumbani, lile bonde lililokuwa limepauka mpaka mtoni. Aliketi juu ya jiwe polepole, mikono yake ya grisi imening'inia kati ya magoti.

"Wamepanda mbegu zote?" aliuliza.

"Zote."

"Na Martina?"

"Martina ndiye wa kwanza."

Paskazia alikuwa amepanda na maneno makali, maneno ya kuwapa wenye pampu na wenye baruti, na sasa hakuwa na wa kumpa. Huyu alikuwa amemletea zawadi. Na kama angepanda asubuhi moja tu, akaweka kiganja hapa, zawadi ingebaki zawadi.

"Mama, nizime pampu?"

"Usizime. Vimeshataga mayai. Ukizima sasa yatakaukia humu."

Aliposhuka alimkubalia Marselino amshike mkono.

Hakupumzika. Miguu yake inatoka damu, alikwenda nyumba kwa nyumba, zote tisa, na kila mlangoni alisema maneno yale yale. "Sikupanda juu. Sikuligusa jiwe. Nilisikilizia chini, nikatoa jembe." Wengine walimwambia yaishe. Nyumba moja walimfungia mlango. Mwigulu alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Sasa basi tutacheka nini mwaka huu?" akaingia ndani.

Kwa Martina alikwenda mwisho.

"Nilikuuliza," Martina alisema.

"Uliniuliza."

"Nawe ukaniambia jembe liko nje."

"Ndivyo nilivyokuambia."

Martina hakupaza sauti. Aliokota fagio, akafagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa. Alifika hadi kwenye ukuta, akarudi. Kisha akavuta kigoda kwa mguu, akakisukuma kuelekea kwa mgeni wake, bila kumtazama. Paskazia akakaa. Alikuwa amebakiza nusu gunia la mtama wa mbegu, mtama mwekundu wa mama yake ambao vijana hawautaki siku hizi, na kesho yake aliugawa kwa bakuli, nyumba tisa, kwake akabakiza wa kujaza pindo la khanga.

Pampu iliendelea siku kumi tu. Dhahabu ilikatika katika duara la Hatibu, na habari ya mahali papya ilikuwa imeshafika. Hatibu alikuja kumuaga Paskazia kwa heshima zote, akasema angependa kuiacha pampu, lakini yenyewe ni ya kukodi. Alikuwa anasema kweli. Jioni ile maturubai yalishuka, na alfajiri iliyofuata hapakuwa na mngurumo wowote.

Dimbwini viluwiluwi vilikuwa havijaota miguu. Marselino, ambaye hakuwafuata wenziwe, alianza kupandisha maji kutoka kisimani, ndoo mbili kwenye mti begani, safari sita kwa siku. Mama yake alimwona akipita, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka alimchemshia michembe, vile viazi vikavu alivyovipenda, akaviweka njiani juu ya jiwe, vimefunikwa kwa sahani. Lakini kisima chenyewe kilikuwa kimefika kwenye tope. Wanawake walikuwa wanakinga kwa zamu, kata kwa kata. Siku ya nne Paskazia alimkuta mjukuu mdogo wa Martina ameketi pembeni ya kisima na dumu tupu, amelala kwa kungoja, na Marselino anajaza ndoo yake ya pili.

Alisimama akiwaangalia wote wawili.

"Mwaga kwenye dumu," alisema.

"Mama, vimeanza kutoa miguu. Wiki moja tu."

"Najua. Mwaga kwenye dumu la mtoto."

Marselino alimwaga. Hakupanda tena kilimani.

Mvua ya kweli ilikuja mwezi wa kumi na mbili. Siku tatu kabla yake upepo ulibadilika, ukaja na ule unyevu wa kulainisha ngozi, na Paskazia alimwamsha mwanawe kungali na giza la alfajiri, akamwambia ampandishe. Marselino alimbeba mgongoni pale palipomshinda. Juu, dimbwi lilikuwa udongo uliopasukapasuka, na juu ya udongo palikuwa na vitu vyeusi vikavu, vidogo vidogo, ambavyo upepo ulivisogeza. Paskazia aliweka kiganja kwenye jiwe. Ubaridi ulikuwepo, unatoka ndani, vilevile kama mwaka ule wa kwanza na mama yake.

Kilima kilikaa kimya.

Walipanda kilimani siku ya pili. Kimya. Siku ya tatu walikaa mpaka jua lilipotoka, mawingu yameshaanza kujikusanya upande wa ziwa, na hapakuwa na sauti ila ya Marselino anayepumua.

"Nimekisikia kimoja, mama," Marselino alisema.

Alimgeukia. "Wapi?"

"Pale ndani. Mara moja tu. Wewe hukusikia?"

Masikio yake yalikuwa ya miaka sabini na mitatu. Aliutazama uso wa mwanawe kwa muda mrefu, na Marselino hakuyakwepa macho yake, lakini alikuwa mtoto ambaye tangu zamani aliweza kukuangalia machoni kwa ajili ya kukupendeza. Paskazia alitaka kuuliza tena. Aliinama, akafuta kiganja chake kwenye khanga.

"Nishushe," alisema.

Chini, Martina alikuwa anamngoja mlangoni, ametia jembe lake mwenyewe begani na bakuli la mtama mkononi. Nyuma yake, kando ya njia, walisimama wengine watatu, na Mwigulu, wanaojifanya wanapita tu. Hakuna aliyekuwa amekuja kumcheka. Walikuwa wamekuja kwa mazoea, miguu imewaleta.

"Mayu," Martina alisema. "Tupande?"

Paskazia aliyatazama mawingu. Alivuta hewa. Alifungua mdomo kwa namna ile ile aliyoufungua kwa miaka arobaini na mitatu, akaufumba, akaanza upya.

"Sijui," alisema.

Mwigulu alitazama viatu vyake. Kisha Martina aligeuka taratibu, akaelekea shambani kwake, na Paskazia akaingia ndani, akapiga goti lile bovu, akalivuta jembe kutoka uvunguni. Hakuliegemeza popote. Alilitia begani, akashika pindo la khanga lenye mtama, akamfuata Martina kwa nyuma, kando ya njia, huku matone ya kwanza yakianza kupiga vumbi.